Kisanduku cha kufuli tatu: maneno yetu kwa wanafunzi wa Kirotshe juu ya somo la uchumi

Haya ndiyo maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita komersiale na walimu wao, huku Kirotshe. Hatutaji siku wala chumba tulimokaa. Wenye kuishi kwenye barabara ya Sake mpaka Minova wanajua sababu.



Asante kwa kutupokea, na asante kwa viazi. Tumekuja kuzungumza juu ya somo ambalo wengi wenu mnalikariri usiku kwa sababu litawangoja kwenye Examen d'État: uchumi. Hatukuja kusema walimu wanafundisha vibaya. Sisi wenyewe tulipita kwenye benchi kama hizi, tukafundishwa na watu waliokaa miezi bila mshahara na bado wakaingia darasani kila asubuhi. Hilo mliweke akilini, tutalirudia.

Tuanze na rafiki yetu mmoja. Tulikaa naye benchi moja, na kwenye hesabu alikuwa anatupita wote. Leo yuko kwenye bariyeri, kule juu, anakata jeton. Bariyeri ya nani? Tuache, maana zimebadilisha wenyewe mara nyingi. Siku moja mwenzetu alipita pale na mfuko wa makala kwenye pikipiki, akamwambia: "We, hata sisi?" Yule akacheka, akajibu: "Mulisoma nini ku masomo? Kila mutu anatafutaka yake. Njo uchumi."

Mwenzetu alilipa, akapita. Lakini lile jibu lilituuma kuliko zile franga, kwa sababu lilikuwa jibu sahihi. Kwenye mtihani angepata pointi zote. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu ulisema hivi: mahitaji ya mtu hayana mwisho, vitu vya kuyatimiza ni vichache, na mtu mwenye akili huchagua kile kinachompa faida kubwa kwa gharama ndogo. Vitabu vinamwita mtu huyo homo ekonomikus. Hana mama, hana jirani. Haogopi, haoni haya, hasamehi. Anahesabu tu. Na kama mtu ni huyo, basi rafiki yetu ndiye mwanafunzi bora wa darasa letu: bunduki ni kifaa chake cha kazi, barabara ni soko lake, na sisi wapita njia ni wateja wasio na njia nyingine.

Mnajua hazikuwa bariyeri mbili tatu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walizihesabu katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakapata 798. Kila moja inaongeza kitu kwenye bei ya gunia la viazi kabla halijafika Goma. Hiyo ni hesabu ya uchumi kweli, na mnapaswa kuijua: anayelipa mwishoni si mwenye pikipiki, ni mama anayepima bakuli sokoni, na mteja wake. Lakini hesabu hiyo haitamwambia rafiki yetu kwa nini asisimame pale. Kwa daftari letu, hana kosa.

Swali tulilolileta ni hili: je, huyo ndiye mtu? Na tukiwafundisha watoto wa Kirotshe kwamba ndiye, tunatengeneza nini?

Wengi hufikiri maneno haya yanatoka kwa Adam Smith, kwa sababu mwaka 1776 aliandika kwamba muuza nyama na muuza mkate hawatupatii chakula kwa huruma yao, bali kwa kutafuta faida yao. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini Smith alikuwa mwalimu wa maadili kule Glasgow, na miaka 17 mbele ya hapo, 1759, alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya namna mtu anavyojiweka mahali pa mwenzake, namna anavyotaka kuonekana mwema, namna anavyojihukumu hata akiwa peke yake. Kitabu kimoja kiliingia kwenye daftari, kingine kilibaki nje. Hatujui kama Smith angetambua daftari letu. Tunadhani angeuliza kurasa nyingine ziko wapi.

Sasa tuwaache wakubwa wa Ulaya kidogo, turudi hapa chini kando ya ziwa, kwa mama zenu.

Ni wangapi humu mama zao wako kwenye AVEC? Inueni mikono. Tazameni, karibu darasa lote. Mnajua basi kisanduku kile cha chuma. Kina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na anayelala na kisanduku nyumbani mwake hashiki hata mmoja. Wanakutana kila wiki, watu 15, 20, 25. Kila mmoja ananunua hisa, moja mpaka tano, anapigiwa muhuri kwenye kitabu chake. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kuko pesa ya mkopo, na kuko mfuko mwingine wa pembeni wa msiba, wa ugonjwa, wa kujifungua. Anayechelewa analipa amende, na anayekopa anarudisha na faida, lakini ile faida haiendi kwa benki ya mbali, inarudi kwao wenyewe siku ya kugawana, mwisho wa mwaka. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi, ukatembea Afrika nzima mpaka ukafika kwetu, ambako ulikuta likelemba imekwisha kuwafundisha watu nusu ya kazi.

Angalieni kile kisanduku vizuri. Kingekuwa cha homo ekonomikus, kisingekuwepo kabisa, maana aliyekopa wiki ya kwanza angehama usiku. Kingekuwa cha malaika, kisingekuwa na kufuli. Mama zenu hawakusoma uchumi, lakini walipokaa chini walijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba jirani anaweza kuaminiwa, na kwamba jirani anaweza kuiba. Wakatengeneza kitu kinachofaa kwa mtu wa namna hiyo. Hizo kufuli tatu si matusi kwa yeyote. Zinamlinda hata mwenye kulala na kisanduku: mume wake akidai, shemeji akidai, atasema sina ufunguo, na atakuwa amesema kweli.

Na mfuko wa msiba? Humo mtu anaweka pesa ambayo anaomba Mungu asiihitaji. Waulizeni mama zenu kwa nini wanaweka. Watawapa sababu tatu nne kwa pumzi moja: leo kwake, kesho kwangu; ni haya kumwacha mwenzako azike peke yake; tulikimbia pamoja mwaka ule; njo tunafanyaka. Kuna hesabu ndani yake, kuna upendo, kuna woga wa macho ya watu, kuna mazoea. Somo linalochukua moja tu kati ya hayo na kuita mengine "sababu zisizo za kiuchumi" limeacha nje sehemu kubwa ya mtu.

Mtasema: hayo ni mambo ya kijiji, sayansi inasema nini? Sayansi haiko kimya. Mwisho wa miaka ya 1990 watafiti walipeleka michezo ya pesa kwenye jamii ndogo 15 duniani, toka misitu ya Peru mpaka wawinda nyangumi wa Indonesia, na humo kulikuwa Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Mchezo mmoja: wewe unapewa pesa, unagawa na mtu usiyemjua, yeye akikataa sehemu uliyompa, nyote mnakosa. Homo ekonomikus angetoa kidogo kabisa, na mwenzake angepokea hicho kidogo. Hawakukuta hata jamii moja inayocheza hivyo kama kitabu kinavyotaka. Na kuna jambo lililotushangaza hata sisi, tulio wepesi kusema soko limeharibu watu: jamii zilizozoea kununua na kuuza, na zinazofanya kazi kwa kushirikiana, ndizo zilizogawa kwa usawa zaidi. Kwa hiyo, wadogo zetu, msitoke humu mkisema tulikuja kulaani biashara.

Mchezo mwingine ni wa kuchangia: kila mmoja anaweka kiasi anachotaka katikati, mtafiti anakizidisha mara mbili, kisha kinagawanywa sawasawa kwa wote, hata kwa asiyeweka kitu. Waorma walipoelezwa mchezo huo, waliutambua mara moja. Wakauita harambee. Hawakuona fumbo la chuo kikuu. Waliona mchango wa kujenga shule. Sasa linganisheni na Marekani. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Wisconsin waliandika matokeo ya mchezo wa namna hiyo. Watu wengine waliweka karibu nusu ya mali yao katikati. Wanafunzi wa uchumi waliweka karibu 20 kwa mia. Mpaka leo wenye elimu wanabishana: ni somo lililowafanya hivyo, au wenye tabia hiyo ndio huchagua somo? Hatuna jibu. Lakini mwalimu anayeandika ukurasa wa kwanza ubaoni aingie na swali hilo mfukoni.

Turudi Masisi. Wageni wanaiita Uswisi ya Kongo, kwa sababu ya vilima, majani mabichi na jibini. Sawa, twende Uswisi yenyewe. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike, kwa sababu kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, halafu mwingine, faida ni yake na hasara ni ya wote. Dawa yake: serikali ishike, au igawanywe kwa watu binafsi. Elinor Ostrom akaenda kutazama watu wenyewe wanafanya nini. Katika kijiji cha Törbel, kule milimani Uswisi, kulikuwa na sheria ya mwaka 1517: hakuna anayeruhusiwa kupeleka kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Miaka mia nne na zaidi, na malisho yapo. Si kwa sababu Waswisi ni watakatifu. Walitunga sheria wao wenyewe, waliweka wa kulinda, waliweka amende ndogo kwanza na kubwa baadaye. Mwaka 2009 Ostrom alipewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Mnaona, na yeye alikuwa anasoma kisanduku cha kufuli tatu.

Na kwetu? Dawa zote mbili za Hardin tulinyweshwa kikombe kimoja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Mwenye kujua mlango wa ofisi akatoka na karatasi, akazungusha senyenge kwenye kilima ambacho watu walikuwa wanalima kwa haki ya kimila. Na haki hiyo ya kimila? Kifungu cha 389 kilisema rais ataipanga kwa ordonansi. Ordonansi hiyo haijatoka mpaka leo. Hatusemi ardhi peke yake ndiyo iliyoleta vita ya 1993; kulikuwa na uraia, kulikuwa na madaraka ya wamwami, kulikuwa na wanasiasa wa Kinshasa. Lakini mwanafunzi wa Masisi akifundishwa kwamba ardhi ni "fakta ya uzalishaji" sawa na mashine, bila neno moja juu ya makaburi ya babu yaliyo ndani ya senyenge, ametolewa shuleni bila kuelewa kilima anachokitazama kila siku kwenye dirisha.

Neno fupi juu ya salongo, kwa sababu limechafuliwa. Mwaka 2000 watafiti wawili walitoa habari ya vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, basi vituo kadhaa vikaweka amende. Waliochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili. Haya iligeuka bei: nimelipa, nimenunua saa yangu. Amende ilipoondolewa, hawakurudi kama zamani. Fikirini salongo. Tukikubaliana wenyewe kutengeneza bomba la maji, watu wanakuja na majembe na mizaha. Ukileta mtu na bunduki kuwasukuma watu barabarani, saa za kazi zinaweza kuwa zilezile, hata barabara ikawa nzuri, na bado kitu kimevunjika ambacho hakitarudi kesho. Uchumi unaohesabu saa tu hauoni tofauti. Sisi tunaiona, hata watoto wanaiona.

Na benki. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 benki za Goma zilifungwa, na kila mmoja humu anajua ilifika vipi huku. Mwenye pesa kwenye konti alikuwa sawa na asiye nayo. Kupata kesh kwa simu ukakatwa komisioni ya kuuma. Tuliona watu wawili katika mtaa mmoja: mmoja aliyepandisha komisioni kila siku alipoona foleni inarefuka, na mwenye duka aliyefungua daftari la deni, akaandika majina, akasema mtalipa pesa ikirudi. Mwenye komisioni anaelezwa na ukurasa wa kwanza. Mwenye duka je? Msiseme haraka "ana moyo mzuri". Alikuwa pia anashikilia wateja wake, na alijua kila nyumba. Lakini alikuwa na watoto wa kulisha, na hakuwa na hakika hata na wiki inayofuata, na aliandika. Mtihani wenu hautawauliza juu yake. Mji ulikula kwa sababu yake.

Na walimu wenu, tuliahidi kuwarudia. Mwezi bila mshahara, na bado chaki mkononi. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba mtu hafanyi kazi bila malipo yanayomtosha, mwanafunzi ana haki ya kuinua mkono.

Hatuko peke yetu kwenye malalamiko haya. Mwaka 2000 wanafunzi wa uchumi wa Ufaransa waliandika barua ya wazi kusema wamechoka na somo lililofungwa kwenye dunia ya kuwaziwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Harvard walitoka darasani katikati ya somo la kwanza la uchumi. Nyinyi msitoke, tafadhali, mnahitaji diploma.

Tunajua programu inatoka Kinshasa, na mwalimu hawezi kubadilisha mtihani. Wala hatutaki muache bei na mahitaji. Sake ikifungwa, makala yanapanda. Asiyejua kwa nini ataamini kila uvumi juu ya "wale" wanaoficha. Jifunzeni grafu, jifunzeni asilimia, na mzijue kuliko wote. Tunachoomba kwa walimu ni saa chache tu nje ya daftari. Kabla ya kuandika mahitaji hayana mwisho, watumeni wanafunzi sokoni Bweremana waulize wauzaji watatu: ni nani unampa deni, ni nani unamkatalia, na kwa nini. Watumeni kwa wavuvi wa sambaza. Samaki yule hakuwa wa ziwa hili, alitolewa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Leo nusu ya mtaa unamla. Waulizeni ni nani anaamua matundu ya nyavu yawe makubwa kiasi gani, na anayevunja anafanywa nini. Andikeni majibu, hata yale mabaya. Hata yale ya mtu atakayewaambia kila mutu anatafutaka yake, kwa maana yeye pia ni mtu, na siku zingine ana haki.

Na rafiki yetu? Tulimwona tena, wiki tatu zimepita. Safari hii tulimuuliza swali: mama yako bado yuko kwenye AVEC? Akasema ndiyo. Tukamuuliza, na ile unayokata hapa, unapeleka kwenye kisanduku chake? Alinyamaza kidogo. Akasema mama yake aliikataa. Hakutupa sababu, na nyuma yetu kulikuwa pikipiki zingine zinangoja.

Sasa ni zamu yenu, maswali. Lakini tufupishe: mama mmoja wa hapa karibu amekubali wanafunzi kumi waje waone namna wanavyohesabu. Mje na daftari na kalamu, simu zibaki nyumbani, hakuna picha. Anasema mfike mbele ya saa tisa, kwa sababu saa tisa kamili wenye funguo wanafunga.